Kipimo cha mwanga, mwanga wa kipimo

*Taa inayoingia jichoni wakati wa uchunguzi ina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa ubavuni mwa mashine. Mwandishi wetu amefuatilia nani anausoma, na kwa nini mgonjwa wa Pemba anastahili kuujua.*

PEMBA. Nje ni saa nne asubuhi na jua limekwisha kuwa kali. Ndani ya chumba cha macho ni kiza. Pazia zito limeshushwa, na kinachoonekana vizuri ni ufito mwembamba wa mwanga mweupe unaotoka kwenye mashine iliyo mezani.

Barazani, kwenye benchi, tuko watu kumi na mbili. Jirani yangu ni bibi aliyetoka upande wa Konde kwa gari ya alfajiri. Ameshatiwa matone ya kutanua mboni, na sasa ameushusha mtandio mpaka kwenye nyusi kwa sababu mwanga wa mlangoni unamchoma.

Akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama taa ile ya ndani haitamalizia nuru kidogo aliyobaki nayo. Mwenzake wa kijijini, alisema, alipimwa akatoka haoni hata uso wa mjukuu wake mpaka alasiri.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Haina neno, bibi,” kwa mazoea tu ya kumtuliza mtu mzima.

Zamu yangu ilipofika niliweka kidevu kwenye kibao na paji la uso kwenye mkanda. Muuguzi wa macho alishika gurudumu dogo chini ya mashine na mwanga ukaja taratibu, hafifu kwanza, kisha mkali. Alinitaka nisipepese. Alipomaliza upande wa kushoto, doa la zambarau lilinifuata kila nilipotazama, likafifia baada ya dakika chache.

Nilipokuwa nanyanyuka ndipo nikakiona kibandiko. Kimebandikwa ubavuni mwa mashine, cha manjano, kimechakaa pembeni, na herufi zake ni ndogo kama punje za ufuta. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Kinatoa tahadhari kuhusu mwanga.

Kama mashine yenyewe inatahadharisha, mimi nilimwambia bibi haina neno kwa hoja ipi?

Kibandiko kinasema nini

Maneno ya kibandiko kile hayakutungwa na kiwanda kimoja. Yametokana na kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 15004-2, kinachohusu kinga dhidi ya madhara ya mwanga katika vifaa vya uchunguzi wa macho. Kilitolewa mwaka 2007 na kikafanyiwa marekebisho mwaka 2024.

Kiwango hicho kinagawa vifaa katika makundi mawili. Kundi la 1 ni vifaa ambavyo mwanga wake, hata ukiachwa kwa muda mrefu, haufiki kwenye mpaka wa hatari. Kundi la 2 ni vifaa vinavyoweza kuufikia mpaka huo vikitumika kwa mwanga mkali au kwa muda mrefu.

Kifaa cha kundi la 2 hakikatazwi, kwa kuwa daktari anakihitaji ili aone. Mtengenezaji ndiye anayebanwa: lazima amweleze mtumiaji ni dakika ngapi za mwanga wa juu kabisa zinalifikisha jicho kwenye mpaka.

Tahadhari zenyewe, kwa lugha ya kawaida, ni nne. Kadiri muda unavyozidi, hatari nayo inazidi. Tumia mwanga mdogo kuliko wote unaotosha kuona unachokitafuta. Watoto wachanga, watu wasio na lenzi ya jicho na wenye macho yenye maradhi wako hatarini zaidi. Na kama jicho hilohilo limemulikwa kwa kifaa kingine ndani ya saa 24 zilizopita, hasa kama limepigwa picha ya ndani, ongeza uangalifu.

> “Tumia mwanga mdogo kuliko wote unaotosha kuona unachokitafuta.” Hilo ndilo agizo kuu la usalama wa taa za macho.

Haba na haba hujaza kibaba

Mwanga unaweza kulidhuru jicho kwa njia kuu mbili.

Ya kwanza ni joto. Mwanga mkali sana, kama wa leza, unaikaanga sehemu ndogo ya retina kwa kufumba na kufumbua. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Taa za kawaida za uchunguzi ziko mbali na hali hiyo.

Ya pili ni ya kikemia, nayo ndiyo inayohusika na taa za kliniki. Mwanga, hasa wa buluu, unaamsha mabadiliko ndani ya chembe za retina. Kila sekunde huongeza kidogo. Jicho halihisi moto na mgonjwa halii, kwa sababu retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Madhara yakitokea huonekana baada ya saa kadhaa, au kesho yake.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vikajaza pishi moja. Pishi hilo unaweza kulijaza kwa gunia au kwa konzi; likijaa limejaa. Ndivyo mwanga unavyohesabiwa. Ukali ukizidishwa kwa muda, unapata dozi. Daktari akipunguza ukali kwa nusu, muda unaoruhusiwa unakuwa mara mbili.

Mpemba anayeanika karafuu hahitaji fizikia kulielewa hili. Jua lilelile linalokausha karafuu ikawa kahawia ya kupendeza, likizidishwa siku linaigeuza makapi. Anachohesabu ni siku ngapi karafuu imelala juani.

Jicho lililovuliwa silaha

Mungu hakuliacha jicho bila ulinzi. Mwanga mkali ukilipiga ghafla, kope hufumba ndani ya robo ya sekunde. Mboni hujibana. Kichwa hugeuka. Hayo hutokea kabla mtu hajafikiri.

Sasa angalia kinachofanyika kliniki. Mgonjwa anaambiwa asipepese. Kichwa kimewekwa kwenye kibao kisisogee. Matone yametanua mboni na haiwezi tena kujibana.

Hesabu yake ni nyepesi. Juani, mboni ya mtu inaweza kuwa na upana wa milimita 2. Ikitanuliwa hadi milimita 8, upana umeongezeka mara nne, lakini eneo la tundu limeongezeka mara 16. Mlango ni mpana mara 16 na mlinzi amelazwa.

Mara nyingi hakuna njia nyingine ya kuona nyuma ya jicho vizuri, kwa hiyo hayo yote ni lazima. Ila maana yake ni kwamba ulinzi uliokuwa wa jicho umehamia kwenye mkono wa anayepima. Gurudumu lile dogo chini ya mashine ndilo kope la mgonjwa kwa dakika hizo.

Kutoka taa ya mafuta hadi LED

Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza ofthalmoskopu, kifaa kilichomwezesha tabibu kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwanga wake ulitoka kwenye taa ya mafuta, ukaakisiwa na vipande vya kioo. Kwa mwanga ule hafifu hakukuwa na haja ya kuuliza juu ya dozi. Shida ilikuwa kuona.

Mwaka 1911 Allvar Gullstrand wa Sweden alionyesha mashine ya mwanga wa ufito, babu wa hiyo iliyo mezani katika kliniki zetu. Miaka ya 1940 Charles Schepens akaleta taa ya kuvaa kichwani inayomwezesha daktari kutumia macho yake yote mawili. Umeme ukaingia, halojeni zikafuata, na sasa LED. Kila hatua iliongeza mwanga.

Ni safari ileile ya wavuvi wetu wa dagaa, kutoka karabai hadi taa za LED zinazoifanya bahari usiku iwe kama mji.

Wasiwasi ulianza maabara. Mwaka 1966 Werner Noell na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mwanga usio mkali sana, ukiachwa saa nyingi mfululizo, unaharibu retina ya panya bila kuiunguza. Mwaka 1968 Ephraim Friedman na Toichiro Kuwabara wakaonyesha kwamba taa ya ofthalmoskopu yenyewe, ikielekezwa kwa muda mrefu kwenye jicho la nyani aliyetiwa usingizi, inaacha jeraha.

Mwaka 1976 William Ham, Harold Mueller na David Sliney wakaeleza katika jarida la *Nature* kwamba mwanga wa mawimbi mafupi, yaani upande wa buluu, ndio unaoiumiza retina kwa urahisi zaidi. Mwaka 1983 H. Richard McDonald na Alexander Irvine wakaripoti madhara kwa binadamu: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao hadubini ya upasuaji iliwaachia alama kwenye retina.

Lakini nyani wale walimulikwa kwa muda mrefu jicho likiwa limetulia tuli. Wagonjwa wa 1983 walikuwa kwenye meza ya upasuaji. Uchunguzi wa kawaida wa kliniki ni dakika chache, jicho linacheza, na anayepima hahangaiki na sehemu moja tu.

> Nyaraka za viwanda vyenyewe zinakiri mambo mawili kwa pamoja: hakuna madhara ya papo hapo yaliyobainika kwa ofthalmoskopu za kawaida, na bado mwanga upunguzwe hadi kiasi kinachotosha.

Nani yuko hatarini zaidi

Lenzi ya jicho hufanya kazi mbili. Inakusanya picha, na inachuja miale mibaya kabla haijafika kwenye retina. Kadiri mtu anavyozeeka lenzi inakuwa ya manjano na kuchuja zaidi.

Mtoto mchanga ana lenzi safi kama maji ya chemchemi. Inapitisha mengi. Ndiyo sababu watoto njiti, ambao lazima wachunguzwe retina kwa hofu ya ugonjwa unaoweza kuwapofusha, wanahitaji taa hafifu na mkono mwepesi. Kuacha kuwachunguza ni hatari kubwa zaidi kwao.

Upande wa pili ni wazee waliotolewa mtoto wa jicho zamani bila kuwekewa lenzi ya bandia. Utawatambua kwa miwani mizito inayofanya macho yaonekane makubwa. Hao hawana chujio hilo la lenzi kabisa. Wenye kisukari na wenye maradhi ya retina nao wamo katika orodha ya kibandiko.

Kisha kuna suala la siku moja yenye taa nyingi, ambalo linatugusa zaidi visiwani. Huduma za bingwa wa macho mara nyingi zinawafikia watu kwa kambi. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Micheweni au kisiwa kidogo cha jirani hatarudishwa kesho. Atamulikwa na anayechuja wagonjwa, atamulikwa na daktari, atapigwa picha ya retina, na jioni anaweza kuwa chini ya hadubini ya upasuaji. Kila mmoja anahesabu taa yake. Jicho linahesabu zote.

Huduma hizo ni neema. Madaktari wa China kutoka Jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ni moja ya vituo vyao. Wako Wapemba wengi wanaoona leo kwa sababu ya kambi. Hoja ni kwamba karatasi ya mgonjwa inayoandika presha na sukari haina mstari wa kuandika kwamba jicho hili limemulikwa asubuhi.

Msiwatie watu hofu

Zipo pande mbili katika jambo hili, na zote mbili zina hoja.

Upande wa kwanza unasema: nyamazeni. Watu wa Pemba tayari wanaogopa kupimwa. Wapo wanaoanza kwa mganga, wapo wanaotia jichoni maji ya majani, maziwa au chai. Mwezi Januari 2024, macho mekundu yalipoenea nchini, Wizara ya Afya ililazimika kuwasihi wananchi wasitie jichoni vitu visivyo dawa. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba taa ya hospitali ina kibandiko cha hatari, humwoni tena.

Na kutokwenda kunagharimu. Presha ya macho huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kisukari huharibu retina kimyakimya. Saratani ya jicho la mtoto hujionyesha kwa mboni kung'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, na ikichelewa inaua. Yote hayo yanagundulika kwa taa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Hao wamekosa huduma. Mizani ya hatari, upande huu unasema, imelala upande mmoja waziwazi.

Msitufiche

Upande wa pili unajibu kwamba hofu inazaliwa na ukimya. Bibi wa Konde hakuogopa kwa sababu alisoma kibandiko. Aliogopa kwa sababu mwenzake alitoka haoni na hakuna aliyemweleza kwamba ukungu ule ni wa matone, kwamba mboni iliyotanuliwa hukosa kubana kwa saa kadhaa, na kwamba hauhusiani na kuungua.

Zaidi ya hapo, vifaa vinabadilika. Zamani taa ya macho ilitoka viwanda vichache vinavyojulikana. Leo mtu anaweza kuagiza kwa simu kifaa kilichoandikwa ni cha macho, kina LED nyeupe kali yenye buluu nyingi, hakina kibandiko wala kitabu. Kwa mwonekano ni kilekile. Kwa dozi, hakuna anayejua.

Hapo ndipo pande hizi mbili zinapokutana bila kutambua. Wa kwanza anaitetea taa iliyopimwa. Wa pili anaishitaki taa isiyopimwa.

> Bibi hakuogopa kwa sababu alisoma kibandiko. Aliogopa kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Simu inayoingia jichoni

Suala la vifaa vipya si la kufikirika katika Afrika Mashariki. Mjini Nakuru na vijiji vyake, Kenya, timu ya Andrew Bastawrous ilibuni Peek, mpango wa kupima macho kwa simu. Kiambata cha kupigia picha neva ya jicho kwa simu kilijaribiwa hukohuko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016.

Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kimetengeneza Arclight, kitochi kidogo cha LED kinachochajiwa kwa jua. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, wamejaribu vifaa vya namna hiyo katika kliniki za mama na mtoto mkoani Kilimanjaro, kutafuta watoto wenye kasoro ndani ya jicho.

Kwa kisiwa kama Pemba, kifaa kinachoingia mfukoni na kisichosubiri umeme ni ukombozi. Tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, lakini si kila kituo cha afya kina mashine ya mezani, na wala hatuitarajii katika kila kijiji.

Je, taa ya simu ni salama? Mwaka 2012 David Kim, François Delori na Shizuo Mukai wa Boston waliipima taa ya iPhone 4 ikitumika kupigia picha retina, wakailinganisha na taa ya kichwani ya daktari. Zote mbili zilikuwa ndani ya mipaka ya ISO, na mwanga wa simu uliofika kwenye retina ulikuwa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa taa ya daktari.

Ni habari njema. Lakini walipima simu moja ya wakati ule. Simu za leo zina taa za kila namna, na kiambata hubadilisha namna mwanga unavyokusanyika. Jibu la simu moja si cheti cha simu zote.

Msaada bila kitabu chake

Sehemu kubwa ya vifaa vya macho katika nchi zetu huja kwa msaada, na vingine vimeshatumika kwingine. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu misaada ya vifaa tiba. Unasisitiza kwamba kifaa kiombwe na anayekihitaji, kije na vipuri, na kije na kitabu katika lugha ambayo mtumiaji anaielewa.

Kwa taa ya macho, sharti hilo la kitabu lina uzito wa pekee, kwa sababu dakika za usalama zimeandikwa humo. Kitabu kikibaki bandarini, dakika zimebaki bandarini.

Balbu nayo ina kisa chake. Ya asili ikiungua, fundi mwenye nia njema hutafuta inayoingia. Inaweza kuingia kwenye tundu, ikawaka, lakini ikawa na nguvu tofauti au imekosa kichujio cha miale isiyoonekana. Mashine inaonekana imepona. Hesabu iliyoandikwa kwenye kitabu sasa ni ya mashine nyingine.

Nani mwenye dhamana

Kwa Zanzibar, dawa na vifaa tiba viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, kwa sheria ya mwaka 2006. Bara kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ipo kwa sheria ya mwaka 2011. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayosimamia mionzi.

Tukisikia mionzi tunafikiria eksirei. Chumba cha eksirei kina alama mlangoni, ukuta mnene na mtumishi mwenye kifaa cha kupima dozi yake. Si haki kudai hayo yote kwa taa ya macho; hatari zake haziko katika ngazi moja. Ila tabia moja ya chumba cha eksirei inafaa kuigwa: kuna mtu mwenye jukumu la kujua kifaa kile kinatoa kiasi gani.

Hatua zinazohitajika hazina gharama kubwa. Daftari la vifaa linaloeleza kila taa ni ya kundi gani na dakika zake ni ngapi. Kibandiko kile kitafsiriwe kwa Kiswahili na kubandikwa mahali anapokaa mpimaji. Fundi apewe namba sahihi ya balbu. Karatasi ya mgonjwa wa kambi iongezwe mstari mmoja. Na kifaa kisicho na cheti cha kiwango kisiguse jicho la mtoto.

Mwanga wa mtaani

Anayetaka kuona macho yanayoumizwa kweli na mwanga asianzie kliniki. Apite karakana za kuchomelea mageti, ambako kijana anafumba jicho moja badala ya kuvaa ngao. Aangalie watoto wanaochezea leza za dukani, wakimulikana usoni.

Akumbuke pia tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na pete yake ikaonekana kikamilifu Rujewa, Mbarali, huku Pemba tukiona sehemu tu. Kulitazama jua siku kama hiyo kwa jicho tupu kunaweza kuacha doa lisilofutika katikati ya uoni. Na haliumi.

Taa ya kliniki, kwa kulinganisha, ndiyo pekee yenye gurudumu la kuipunguza na mtu aliyefundishwa kulishika.

Ukienda kupimwa

Mwambie mpimaji kama leo umeshamulikwa mahali pengine, kama uliwahi kutolewa lenzi, au kama una dawa unazotumia. Mwanga ukikuchoma, sema. Hakuna tuzo ya kuvumilia, na anaweza kukupumzisha kisha akaendelea.

Ukitiwa matone, usije na pikipiki. Chukua miwani ya jua au kofia, na mtu wa kukushika mkono. Ukungu na kuchomwa na mwanga ni kawaida kwa saa kadhaa. Doa la rangi baada ya taa hufifia kwa dakika. Likibaki mpaka kesho, rudi.

Na usiache kwenda.

Bibi wa Konde aliingia baada yangu. Mlango ulibaki wazi kidogo na nikaona muuguzi akianza kwa mwanga hafifu kabisa, akiupandisha, akatazama, akaushusha hadi sifuri kabla ya kumwambia anyanyue kichwa. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo isipokuwa mimi, na mimi nisingekigundua kitendo kile kama nisingekuwa nimekisoma kibandiko.

Alikaa mbele ya taa dakika zisizofika nne. Alitoka na karatasi: mtoto wa jicho, macho yote mawili, anasubiri upasuaji. Akakaa tena pembeni yangu kungoja mjukuu amchukue. Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia ile taa ina kipimo chake, na kwamba yule muuguzi anakijua.